Mlango Una Pande Mbili

Nassra, ambaye sasa ndiye mwenye duka, ameniletea daftari jipya na kalamu mbili. Moja ikiisha wino, kasema, ipo ya pili, kwa hiyo sina kisingizio. Anataka niwaandikie yeye na mafundi wenzake yale niliyoyaona katika kazi ya vitasa, maana, kwa maneno yake mwenyewe, "Bi Zuwena, ukizungumza hatushiki kitu. Unacheka kabla hujamaliza." Haya, naandika. Nitajitahidi kucheka moyoni.

Sikuzaliwa katika kazi hii. Baba yangu alikuwa Mtumbatu aliyehamia mjini, mpakiaji mizigo pale bandarini Malindi, na mama alishona kofia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa karibuni, nakaa na mume wangu Makame katika vyumba viwili huko huko Malindi, siku kitasa cha mlango wetu kilipogoma. Ufunguo unazunguka, ulimi haurudi. Makame yuko kazini. Nikatoa skrubu kwa ncha ya kisu, nikakichomoa kitasa, nikakifungua juu ya sinia ili nione kinaumwa wapi. Kukiona kinachouma nilikiona. Nilichoshindwa ni kukirudisha. Springi moja iliruka ikanipita karibu na sikio, na vipande vilivyobaki vikawa vimelala sinia nzima, kila kimoja kinanitazama kama mtoto asiyejulikana wa nani.

Nikalifunika sinia kwa kawa, kile kifuniko cha ukili cha kufunikia chakula, ili vipande visimwagike, nikashika njia ya Kiponda, kwa Fundi Pandu. Duka lake lilikuwa kichochoroni, upana wake mlango mmoja na nusu, funguo zimening'inia ukuta mzima. Yeye mwenyewe alikuwa mzee mrefu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mkate wa kumimina?"

Nikafunua kawa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani kakifungua hiki?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nlitaka kuona kinaumwa wapi."

"Ukaona?"

"Naam. Springi hii imechoka. Haiusukumi ulimi."

Akanisogezea kigoda kwa mguu. "Basi kaa ukirudishe. Springi mpya ntakupa. Mkono wangu siutii humo."

Nilikaa tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri. Wateja wakihudumiwa juu ya kichwa changu. Nilikosea mara sita, labda saba. Mwishowe kitasa kikafunga, kikafungua. Fundi Pandu akakichukua, akakizungusha mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanyoosha kidole kwenye sinia. Kipande kimoja kilikuwa kimebaki.

"Kazi nzuri," akasema. "Kimoja kimezidi."

Tulicheka mpaka jirani muuza vikapu akaja kuuliza kuna nini. Halafu fundi akaniambia nije Jumamosi. Nilikwenda Jumamosi, na Jumamosi ile ikanichukua umri wangu wote wa kazi.

Watu walisema, na mnajua mji wetu ukisema unasema. Mwanamke fundi wa vitasa? Fundi Pandu alikuwa na jawabu moja, na hakulibadilisha mpaka maneno yakaisha yenyewe. "Nyumba za mji huu mchana zina wanawake watupu," akiwaambia. "Mie nikibisha hodi naambiwa nsubiri mume arudi. Zuwena akibisha hodi anaambiwa karibu ndani, na kahawa juu." Hakuniajiri kwa huruma. Aliniajiri kwa sababu nilikuwa nafika pale yeye asipofika, nami niliipenda sababu ile kuliko huruma yoyote.

Mwaka wa kwanza hakunipa keekee ya kutobolea wala patasi. Alinipa sumaku iliyofungwa kwenye kamba, niivae shingoni. Kila mzigo wa vitasa ukiingia, kazi yangu kupitisha sumaku. Shaba nyeupe haishikwi na sumaku. Kitasa kikijiita cha shaba, kisha kikairukia sumaku, ujue ni chuma kilichovalishwa kanzu ya kukodi. Pia alinifundisha kukipima kwa mkono, kimoja kulia na kimoja kushoto, macho nimefumba. Vitasa duni vinapunguza uzito pale ambapo mnunuzi haoni: ulimi una uwazi ndani, pini ni chache, skrubu fupi kama meno ya mtoto mchanga.

Siku zile madaraja tuliyajua kwa mkono tu. Baadaye boksi zikaanza kuja zimeandikwa daraja la kwanza, la pili, la tatu, na hapo ndipo nilipopata raha ya kwanza ya kazi hii, yaani wateja. Alikuja bwana mmoja mwenye duka la vitambaa, akaweka mikono juu ya meza.

"Nataka daraja la tatu."

"La mlango gani, bwana?"

"Wa dukani, barabarani."

"Basi unataka la kwanza."

Akanitazama kama ninayetaka kumpunja. "Bibi, tatu ni nyingi kuliko moja. Skuli nimesoma."

Ilinichukua kikombe kizima cha kahawa kumweleza kwamba hapa hesabu inakwenda kama mashindano ya mbio: wa kwanza ndiye mshindi. Kwa faida ya wageni wa kazi naeleza tena. Daraja ni mtihani. Kitasa kinafungwa na kufunguliwa na mashine mara nyingi mno, kinagongwa, kinavutwa, kinatobolewa, na kinachostahimili zaidi ndicho cha kwanza. Hicho kiwekeni kwenye maduka, maghala, ofisi na hoteli, milango inayofunguliwa kutwa nzima na watu wasiokuwa na uchungu nayo. La pili ni la mlango mkubwa wa nyumba. La tatu ni la vyumba vya ndani, mlango ambao adui yake mkubwa ni mtoto mwenye baiskeli. Mwenye boksi lisilo na daraja lolote mwambieni tu ukweli: huyo hajafanya mtihani.

Ila daraja halijui kila kitu. Hilo nilifundishwa na kina mama wa Chwaka wanaolima mwani. Walikuwa na ghala la kuhifadhi mwani mkavu, hatua chache kutoka pwani, na mkubwa wao, Bi Mize, aliniambia anataka kitu ambacho mwizi akikiona atarudi kwao kuswali. Nikawafungia cha daraja la kwanza, kizito kama jiwe la kusagia. Nilirudi mjini nimejaa sifa. Mvua za masika hazijarudi mara ya pili, nikamwona Bi Mize dukani, kapanda gari kutoka Chwaka, kitasa changu kimo kwenye kikapu, kimegeuka rangi ya karafuu.

"Bi Zuwena," akasema kwa upole kabisa, "kitasa chako hakiibiki wala hakifunguki. Sie tupo nje na mwizi yupo nje. Sote sawa."

Fundi Pandu alikuwa amekaa nyuma. Niliona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Nilirudi Chwaka na cha shaba tupu, skrubu zake za chuma kisichoshika kutu, na tangu siku ile mtihani wa kutu nautazama peke yake, mbali na daraja la nguvu. Bahari haijui namba za boksi. Nikawaonya pia wasitie mafuta ya kupikia ndani ya tundu la ufunguo. Mafuta hushika chumvi na mchanga, vikafanya uji. Tieni unga wa penseli, mkuno mmoja tu. Bi Mize alinipa mfuko wa mwani nikauchemshe. Makame alikula kwa heshima.

Milango ya zamani ya kuchongwa ni sura nyingine. Fundi Pandu hakuruhusu mtu autoboe mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbao mbili zinakutana. "Aliyeuchonga huu alichukua miezi," akisema. "Wewe una keekee na dakika tano. Nani kati yenu ana adabu?" Huko tukifunga komeo kwa ndani, kufuli nzito kwa nje kwenye pete zile zile za zamani, na kitasa kizuri tukakiweka kwenye mlango wa pili, ule wa ukumbini, ambao hauna historia ya kuharibu. Mteja akinung'unika, fundi alikuwa anamwambia aende akautazame mlango wake mwenyewe kwa dakika kumi, kisha arudi. Wengi walirudi wametulia.

Fundi aliwauliza wateja wote maswali mawili kabla hajashusha boksi lolote. Nani unataka aingie? Nani hutaki aingie? Niliyarithi maswali yale pamoja na duka, magoti yake yalipokataa ngazi na akabaki kuja asubuhi kunywa kahawa na kunikosoa. Nilikuwa nayauliza kwa fahari. Sikujua kwamba yamepungua moja.

Bi Rukia alikuwa mwalimu wa skuli, akikaa Mkunazini na mama yake, Bi Mwanaisha, bibi wa makamo ya kupindukia, mguu mmoja hauna nguvu lakini ulimi unazo za miguu yote miwili. Walikuwa wamekwenda maulidini, waliporudi televisheni haipo. Bi Rukia akaja kwangu macho mekundu.

"Nataka kitasa ambacho hata wewe huwezi kukifungua."

Maneno ya hatari kumwambia fundi. Nilimwekea cha daraja la kwanza, kinachofungwa kwa ufunguo nje na kwa ufunguo ndani. Hakuna cha kuzungusha kwa vidole, ili mwizi akivunja kioo cha juu asiingize mkono akajifungulia. Madirisha yalikuwa na nondo tayari. Fremu niliiona inacheza kidogo upande wa kitasa, chokaa inamwagika nikiisukuma. Nikaipaka plasta juu juu. Nilijiambia kitasa kitatosha. Nikaondoka nimeridhika, na Bi Mwanaisha akanisindikiza kwa maneno: "Umetufunga vizuri, mwanangu."

Miezi ikapita. Asubuhi moja, saa nne hivi, nikasikia jina langu linaitwa kutoka mwanzo wa kichochoro mpaka dukani. "Bi Zuwena! Bi Zuwena! Kwa Bi Rukia panawaka!"

Nilibeba mkoba wa zana nikakimbia na kanga mkononi. Moshi ulikuwa unatoka dirisha la jikoni. Bi Rukia alikuwa yuko skuli, amefunga kwa nje kama nilivyomfundisha. Bi Mwanaisha alikuwa ndani peke yake. Kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kimeshika moto kwenye jiko la gesi, pazia likafuata. Majirani walikuwa wanarusha maji kwa ndoo kupitia nondo.

"Bi Mwanaisha!" nikaita mlangoni. "Ufunguo wako uko wapi?"

"Kwenye pindo la kanga!"

"Basi ufungue!"

"Nimevaa kanga nyingine!" Akakohoa. "Ile sijui nimeiweka wapi!"

Nikaweka keekee chini bila ya kuiwasha. Kitasa kile nilikijua. Bamba lake la ndani lilikuwa limetengenezwa kuzivunja keekee moja baada ya moja, na nilimsifia Bi Rukia jambo hilo kwa kinywa changu. Kwa sekunde chache nilisimama pale nimeshika bisibisi, mimi fundi, na nilikuwa sina faida yoyote kwa bibi yule. Sijapata kuogopa vile kabla wala baada. Kisha macho yangu yakateremka kwenye plasta yangu mwenyewe.

"Leteni mtaimbo!" nikasema. "Kitasa kiacheni. Tunautoa ukuta!"

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa ya wazee, na pale palikuwa pamelegea. Mwuza kahawa na mwanamume mwingine wa barazani wakaingiza mtaimbo nyuma ya fremu pale nilipowaonesha, mimi nachimbua kwa patasi. Bi Mwanaisha nilimwambia akae chini kabisa, kitambaa cha maji puani, asogee kwenye sauti yangu, na nikawa namsomesha Aya ya Kursiyu kwa sauti ili ajue nilipo. Fremu ikalia, ikatoka na jiwe zima. Mlango ukaanguka kwa ndani upande mmoja, kitasa changu kimefunga vilevile, hakijadhurika hata ukucha. Tukamtoa bibi. Moto ukazimwa na ndoo kabla haujavuka jikoni.

Bi Mwanaisha alikaa barazani, uso umejaa masizi, akanywa maji gilasi mbili, akageuka akatazama tundu lililobaki ukutani.

"Nani kavunja mlango wangu?"

"Mimi, bibi."

"Si wewe ulosema haufunguki?"

Baraza nzima ikacheka, naye akacheka, na mimi nikakaa chini nikalia. Uzembe wangu wa fremu ndio uliomwokoa na uzembe wangu wa kitasa. Hilo si jambo la kumshukuru fundi.

Jioni nikaenda kwa Fundi Pandu nikamweleza kila kitu. Nilitaraji anikaripie, na ningefarijika. Hakunikaripia. Alizungusha kikombe, akasema, "Vile vitasa vya ufunguo pande mbili, na mie nshafunga vingi. Unakumbuka wapi?"

"Nakumbuka."

"Basi kesho twende."

Tulikwenda. Yeye na bakora yake, mimi na mkoba, nyumba baada ya nyumba, Malindi, Kiponda, Shangani, Vuga, mpaka Ng'ambo. Katika kila mlango tulisema tumekosea, tukatoa kile cha zamani, tukaweka ambacho kwa nje kinataka ufunguo na kwa ndani kinazunguka kwa vidole viwili, hata gizani, hata kwa mkono unaotetemeka. Wenye kioo karibu na kitasa tuliwawekea wavu wa chuma juu ya kioo. Nilidhani tutatukanwa. Tulipewa chai na vitumbua kila tulipokwenda, hata nikamwambia fundi tukiendelea kukiri makosa tutanenepa. Ndipo nikaongeza swali la tatu, nanyi msiuze hata komeo bila ya kuliuliza: nani lazima aweze kutoka? Mlango una pande mbili. Sisi mafundi tunausimamia upande wa mwizi mpaka tukasahau kwamba kuna watu upande wa pili.

Bi Mwanaisha aliishi miaka mingine mingi. Kila nikipita alikuwa ananionesha vidole vyake viwili na kuvizungusha hewani.

Fundi Pandu alituacha mwaka uliofuata, kwa maradhi mafupi, akiwa amezungukwa na wanawe. Allah amrehemu. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwangalia aliniuliza bawaba ya mlango wa chumba chake inalia kwa sababu gani, na akanisahihisha nilipojibu.

Sasa niwape la furaha, maana Nassra kasema nisiwatie simanzi. Alasiri moja akaja mtu mbio kutoka nyumba ya Bwana Seif. Siku mbili kabla ya harusi ya bintiye Sabra. Nyumba imejaa wanawake, sufuria za pilau, udi, kelele. Sabra yuko ndani ya chumba na somo wake, Bi Mwatima, anayemfunda mambo ya ndoa, na mlango hautaki. Bwana Seif alikuwa amenunua kitasa cha rangi ya dhahabu kwa ajili ya chumba cha bibi harusi, daraja la tatu kwa jina na la kumi kwa tabia, na springi yake imekatika. Nilimkuta baba mtu ameshika shoka.

"Bwana Seif, huo mlango wa nani?"

"Wa bibi yangu mzaa baba. Mbao za msaji mtupu."

"Basi liweke shoka, bibi yako asikutokee usingizini."

Nikapiga magoti. Skrubu zote ziko upande wa ndani. Nikateleza bisibisi chini ya mlango, nikasema, "Sabra, mwanangu, toa skrubu mbili za juu."

"Siwezi, Bi Zuwena. Nna hina mikono yote miwili. Mbichi."

"Bi Mwatima, basi toa wewe."

"Ntatoa," akasema somo kutoka ndani, "lakini miwani yangu imo mkobani, na mkoba uko huko nje kwenu."

Kwa hiyo ikawa hivi. Sabra ana macho hana mikono. Bi Mwatima ana mikono hana macho. Mimi nina ujuzi, na mbele yangu kuna msaji. Sabra akawa anasema "kulia kidogo, somo, hapo, hapana, hicho ni kidole changu," Bi Mwatima anasokota, mimi nimebandika sikio kwenye ubao nasikiliza skrubu inavyolegea, na nyuma yangu wanawake thelathini wamenyamaza kama msikitini. Skrubu ya mwisho ikaanguka sakafuni, nikasikia mlio wake. "Sasa vuta mkono wa kitasa, polepole, kama unavyovuta mwiko kwenye uji." Kikatoka. Mlango ukafunguka. Vigelegele vilivyopigwa pale vilishtua mpaka njiwa wa paa la pili.

Sabra akatokea na mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, hina yake haijaharibika hata tone.

"Bi Zuwena," akasema kwa aibu, "usiondoke mpaka umetia kingine."

"Na kizuri!" Bi Mwatima akadakia. "Hizo siku saba za fungate mlango huu una kazi kuliko wa benki."

Nikatia cha daraja la pili, cha kuzungusha kwa vidole kwa ndani, wanawake wananiimbia kila skrubu. Nimefunga vitasa vya hoteli na vya maghala ya viungo Kidichi, lakini kama kuna kazi niliyoifanya kwa ngoma, ni hiyo.

Mwaka huu magoti yangu nayo yamekataa kukunjwa. Mikono ingali inataka, ila kitasa hakipandi juu kumfuata fundi. Nassra, ambaye alikuwa fundi cherahani kabla hajaja kwangu na ndiyo maana mkono wake hautetemeki, nikamkabidhi duka, mkoba na kila zana. Sikubakisha kitu. Nikaenda nyumbani kupumzika.

Siku ya kwanza ya kupumzika nikauona mlango wetu. Kinyozi hajinyoi, na sisi tulikuwa na kitasa cha daraja la tatu, skrubu moja imepinda, kwa miaka ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimejinunulia zawadi ya kustaafu: kitasa cha daraja la kwanza, shaba tupu, kinachojifunga chenyewe mlango ukirudi. Makame akaazima bisibisi kwa jirani, akanishikia boksi, tukakifunga. Kikakaa kama kilizaliwa pale.

"Tutoke tukione kwa nje," nikamwambia.

Tukatoka. Tukakisifu. Upepo ukausukuma mlango nyuma yetu, na nikasikia ulimi unaingia mahali pake kwa mlio mzuri kuliko yote niliyowahi kuisikia. Funguo zote tatu zilikuwa ndani, juu ya meza, kando ya chupa ya chai. Makame alinitazama. Ndoa yetu imedumu kwa sababu mtu huyu anajua lini asiseme. Akatoa simu yake, akampigia Nassra.

Nassra akaja na mkoba ambao mpaka jana ulikuwa wangu. Akatuamkia vizuri, akauweka chini, akatoa daftari.

"Bi Zuwena, una kitu cha kuthibitisha kwamba nyumba hii ni yako?"

"Nassra!"

"Mwenyewe umetufundisha. Hatufungui mlango kwa sura ya mtu."

"Waulize majirani!"

Akawageukia majirani, ambao kufika hapo walikuwa wamejaa barazani na vikombe vyao. "Mnamjua mama huyu?"

"Hatumjui," akasema Bi Time wa nyumba ya pili, ambaye tumekopeshana chumvi nusu ya umri wetu. "Sura yake ya wasiwasi."

Ikabidi sheha mwenyewe, mkubwa wa mtaa, aitwe, akaja anacheka tangu kwenye kona, akathibitisha. Nassra akaandika jina langu, akapiga magoti mbele ya mlango, akaanza kazi.

Sijui kama mmewahi kusimama mahali niliposimama. Akikifungua upesi, basi nimechagua kitasa kibovu. Akishindwa, basi nimefundisha vibaya. Nilitaka yote mawili yasiwe. Muda ukapita wa kuchemsha kahawa na kunywa vikombe viwili. Makame alikunywa changu. Nassra alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha, anasikiliza, na vidole vyake vilikuwa havina haraka kabisa. Nikasogea karibu, nikainama, nikafungua mdomo kumwambia ajaribu pini ya nyuma.

"Bi fundi," akasema bila ya kufumbua macho, "unanizibia hewa."

Nikasogea pembeni, nikamwachia kazi yake.